Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wetu wa Saint-Guilhem-le-Désert

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Taarifa ya mwaka huu ni ya kijiji kimoja tu maana ndo kimekula muda wetu wote, na hela pia, ila ya hela namwachia mweka hazina.

Kwa waliojiunga juzijuzi, kijiji chenyewe ni Saint-Guilhem-le-Désert, kusini mwa Ufaransa, huko Hérault, watu 250 hivi waliobanana kwenye korongo, nyumba za mawe tupu. Bila monasteri pasingekuwa na kitu hapo. Mwaka 804 Guilhem, ndugu wa ukoo wa Charlemagne, yule mfalme wa Wafaranki, na jemadari aliyekuwepo kwenye kuitwaa Barcelona mwaka 801, alijenga monasteri kwenye bonde la Gellone, halafu 806 akaacha vita na ukubwa wote akaingia humo mwenyewe kama mtawa. Rafiki yake Benedikto alikuwa na abasia yake Aniane, jirani tu hapo. Inasemekana Charlemagne alimpa Guilhem kipande cha Msalaba wa Yesu, basi mahujaji wakamiminika, hasa wa kwenda Santiago de Compostela kule Hispania, na mahujaji wanataka kula, kulala, kushonewa viatu, kijiji kikaota chenyewe. Wenzetu wa Songea walielewa kabla sijamaliza, walishaona Peramiho ilivyokua kuizunguka abasia ya Wabenediktini.

Kilichotugombanisha ni ule ua wa ndani wa monasteri, ule wenye korido za nguzo ambako watawa walikuwa wanatembea wakisali. Ukifika leo unakuta umebaki kiduchu. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa watawa walitolewa, majengo yakauzwa, mawe yakachukuliwa na mwenye kuyataka, nguzo nyingine zikaishia bustanini kwa hakimu mmoja wa Aniane zimebeba mizabibu! Mchongaji wa Kimarekani George Grey Barnard akazinunua, na sasa zipo New York, toka 1938 kwenye jumba la makumbusho la The Cloisters. Tulizitazama kwenye skrini kubwa, majani yamechongwa yakatobolewa vitundu vidogo vidogo mpaka jiwe linafanana na sega la nyuki. Nusu ya wanachama walisema zirudi, nusu wakasema zingebaki zingeshakuwa kokoto. Mimi msimamo wangu uko palepale, zirudi, japo najua tulioshindwa kelele siku ile ni sisi.

Daraja la Pont du Diable tulilipita haraka kwasababu ya jua, na ni kosa la ratiba siyo la mtu. Ni la karne ya 11, lilijengwa na abasia mbili, ya Gellone na ya Aniane, ambazo zilikuwa zinagombana sana ila mto Hérault ukawalazimisha kushirikiana. Toka 1998 daraja na kanisa la abasia vyote vipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, ndani ya zile njia za mahujaji, kwahiyo kiangazi watu wanajaa balaa na parking ni ya kulipia.

Mwakani kamati inapendekeza Aniane, twende masika kabla watalii hawajafurika. Wasiolipa ada wamalizane na mweka hazina kabla ya mkutano, na tafadhali jamani, viatu vya kupandia mawe, siyo sendo.