Pinneberg si mpiga ramli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijadili uchambuzi mlioutoa kuhusu siasa za Ujerumani, ambamo jimbo la uchaguzi la Pinneberg lilielezwa kuwa ndilo linalomchagua Kansela, yaani mkuu wa serikali, na kisiwa cha Helgoland kilichomo katika jimbo hilo kikatajwa kwa sentensi moja kuwa ndicho Wajerumani walichopewa wakaitoa Zanzibar. Hoja ya kwanza ina kumbukumbu za kweli nyuma yake, ila imesomwa kinyumenyume. Ya pili si kweli, ingawa imekaririwa miaka mingi hata madarasani, na sisi wa huku Visiwani tuna haki ya kuomba isahihishwe.

Pinneberg ni wilaya ya Schleswig-Holstein, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, na wilaya hiyo ndiyo jimbo la 7 katika orodha ya majimbo 299 yanayotumika kuwachagua wabunge wa Bundestag, Bunge la Ujerumani. Sehemu kubwa ya wakazi wake, wanaozidi laki tatu, wamejipanga kandokando ya Hamburg katika miji kama Elmshorn, Wedel, Schenefeld, Quickborn na Pinneberg yenyewe, na wengi wao hupanda treni kila asubuhi kwenda kazini katika jiji hilo kubwa. Pembeni mwa miji hiyo kuna mashamba maarufu ya vitalu vya miti, hasa maeneo ya Halstenbek na Rellingen, na Uetersen inajulikana kwa bustani yake ya mawaridi. Kisha, mbali huko katika Bahari ya Kaskazini, kiko kisiwa cha Helgoland chenye wakazi wapatao 1,300, ambao hupiga kura pamoja na watu wa vitongoji vya Hamburg ingawa baina yao pana saa kadhaa za safari ya bara na bahari.

Sifa ya jimbo hili inatokana na mfululizo ulioanza mwaka 1953. Tangu mwaka huo hadi uchaguzi wa Februari 2025, chama cha mgombea aliyeshinda Pinneberg ndicho kilichotoa Kansela baada ya uchaguzi. Hizo ni chaguzi 20, na mtu akiitazama idadi hiyo peke yake atashawishika kuamini kwamba kuna siri fulani. Lakini tuzihesabu kwa njia nyingine. Katika muda wote huo Kansela ametoka katika vyama viwili tu, CDU cha wahafidhina na SPD cha wanademokrasia ya kijamii, na mara nyingi chama kilichokuwa madarakani kiliendelea kubaki humo. Adenauer alishinda mara kadhaa mfululizo, Kohl akakaa miaka 16, Merkel naye akakaa 16. Chaguzi ambazo ukansela ulionekana kuhama kutoka chama kimoja hadi kingine, ukilinganisha na uchaguzi uliotangulia, ni 6 tu: 1969, 1983, 1998, 2005, 2021 na 2025. Katika chaguzi nyingine 13 zilizofuata ule wa 1953, Pinneberg ilichohitaji kufanya ni kubaki palepale ilipokuwa. Kupatia mara 6 ni jambo la kustaajabisha kidogo, sikatai, ila katika nchi yenye mamia ya majimbo ingekuwa ajabu zaidi kama lisingekuwepo hata moja lenye rekodi kama hiyo. Marekani nao walikuwa na wilaya ya Vigo katika jimbo la Indiana, iliyomchagua kila rais aliyeshinda tangu 1956 hadi 2016, na waandishi wa habari wakawa wanafunga safari kwenda kuwasikiliza wapiga kura wake kila baada ya miaka minne. Mwaka 2020 ikakosea.

Mwandishi wenu aliupita haraka mwaka 1969, nami nadhani hapo ndipo angepaswa kukaa zaidi. Katika uchaguzi huo vyama ndugu vya CDU na CSU vilipata asilimia 46.1 ya kura za nchi nzima, na SPD ikapata asilimia 42.7. Kwa hesabu hiyo CDU ndiyo iliyotangulia, na usiku ule wa matokeo Kansela Kiesinger alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ataendelea. Kilichombadilishia mambo ni uamuzi wa chama kidogo cha FDP, chini ya Walter Scheel, wa kuungana na SPD, ndipo Willy Brandt akachaguliwa kuwa Kansela. Pinneberg ilikuwa imempa kura mgombea wa SPD. Je, wapiga kura wa Elmshorn na Wedel walijua Scheel atafanya nini? Hawakujua. Walimchagua mbunge wao, na mazungumzo ya vyama huko Bonn, makao ya serikali wakati huo, yakatokea kuelekea upande uleule. Hali ilijirudia mwaka 1976, CDU na CSU walipopata asilimia 48.6 dhidi ya 42.6 za SPD, na tena mwaka 1980, walipopata 44.5 dhidi ya 42.9, mara zote mbili Helmut Schmidt wa SPD alibaki madarakani kwa sababu FDP ilikuwa upande wake.

Kisha, tarehe 1 Oktoba 1982, FDP walihama. Bundestag ikamwondoa Schmidt kwa kura ya kutokuwa na imani naye na papo hapo ikamweka Helmut Kohl, kwa kuwa Katiba ya Ujerumani hairuhusu Kansela kuangushwa bila mrithi wake kuchaguliwa katika kura ileile. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyekwenda kituoni siku hiyo, iwe Pinneberg au kwingineko. Kwa miezi mitano, hadi uchaguzi wa Machi 1983, Ujerumani iliongozwa na Kansela wa CDU wakati jimbo linalosifiwa kwa utabiri lilikuwa limemchagua mbunge wa SPD. Wanaoisifu rekodi hiyo hawaihesabu miezi ile, kwa kuwa kanuni yao inatazama matokeo ya baada ya uchaguzi tu.

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi mtu akijua jinsi kura zenyewe zinavyopigwa. Tangu mwaka huohuo wa 1953 Mjerumani ana kura mbili. Kura ya kwanza ni ya mbunge wa jimbo, na anayeongoza ndiye mshindi hata kama hakufikia nusu, jinsi tunavyofanya sisi. Kura ya pili ni ya orodha ya chama, nayo ndiyo inayoamua kila chama kitapata sehemu gani ya viti vyote vya Bundestag, mradi kimevuka asilimia 5 au kimeshinda walau majimbo matatu. Kansela huchaguliwa na wabunge, na nguvu ya vyama bungeni hutokana na kura ya pili. Rekodi ya Pinneberg inayotangazwa ni ya kura ya kwanza, yaani ile isiyopanga uwiano wa vyama bungeni.

Wabunge wa Pinneberg wenyewe ni ushahidi wa hayo. Ernst Dieter Rossmann wa SPD alilitwaa jimbo mwaka 1998, Gerhard Schröder alipomshinda Kohl, akalitetea mwaka 2002. Mwaka 2005 likachukuliwa na Ole Schröder wa CDU, asichanganywe na Kansela wa jina hilo, naye akalishikilia mwaka 2009 na 2013, yote katika enzi ya Merkel. Lakini Rossmann hakurudi nyumbani. Aliendelea kuwa mbunge kupitia orodha ya chama hadi mwaka 2021. Michael von Abercron wa CDU alishinda 2017, Ralf Stegner wa SPD akashinda 2021 katika uchaguzi uliomleta Olaf Scholz, na Daniel Kölbl akalirudisha jimbo CDU mwaka 2025. Stegner naye amebaki bungeni kwa njia ya orodha. Kwa hiyo kushindwa katika jimbo hakumaanishi kutoka bungeni, na tangu sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2023 hata kushinda jimbo si hakika ya kiti: katika uchaguzi wa 2025 washindi 23 wa majimbo mbalimbali walikosa nafasi kwa sababu kura za pili za vyama vyao hazikutosha kuwabeba. Na kama Pinneberg ingekuwa inamchagua Kansela, Friedrich Merz wa CDU asingepata aibu ya tarehe 6 Mei 2025, alipopata kura 310 za wabunge badala ya 316 zilizohitajika na kulazimika kurudia upigaji kura siku ileile.

Ninakubali kwamba kwa muda mrefu Pinneberg ilifanana na Ujerumani Magharibi. Ina wafanyakazi wa viwandani, ina wakulima, ina watu wa maofisini wanaolala kijijini na kufanya kazi mjini, na hakuna kundi moja lililowazidi wengine kiasi cha kulifanya jimbo kuwa ngome. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya kugeuka kwake pamoja na nchi. Ila nchi yenyewe imebadilika. Mwaka 2025 CDU na CSU waliongoza kwa takriban asilimia 28.5 tu, na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichoshika nafasi ya pili kwa asilimia 20.8, kilishinda karibu majimbo yote ya mashariki yaliyo nje ya Berlin. Anayeitazama Pinneberg peke yake haoni lolote katika hayo.

Sasa nije Helgoland. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, Bismarck akiwa ameshaondoka na Caprivi akiwa Kansela, umezoeleka kuitwa Mkataba wa Helgoland na Zanzibar, na jina hilo limewafanya wengi wadhani kwamba kisiwa kimoja kilibadilishwa kwa kingine. Ujerumani haikuwahi kuitawala Zanzibar. Miaka minne kabla, katika makubaliano ya 1886, Ujerumani na Uingereza zote mbili zilikuwa zimetambua kwamba Unguja na Pemba ni za Sultani, na Mjerumani hawezi kutoa asichokuwa nacho. Alichokitoa mwaka 1890 ni Witu, karibu na Lamu, pamoja na madai yake ya pwani ya kaskazini hadi Kismayu, akakubali Waingereza waiweke Zanzibar chini ya himaya yao, na akaacha kuigombania Uganda. Alichokipata ni Helgoland, ukanda wa Caprivi upande wa Namibia ya leo, na msaada wa Uingereza katika kumshawishi Sultani auze haki zake za mwambao wa Tanganyika pamoja na kisiwa cha Mafia, biashara iliyofungwa kwa mark milioni nne. Kina Carl Peters, wapigania makoloni wa Kijerumani walioghadhabishwa na mkataba huo, walitamani Zanzibar iwe yao. Kuitamani na kuimiliki ni mambo mawili.

Watu wa Helgoland, waliokuwa kama 2,000 chini ya Uingereza, hawakuulizwa, na watu wa Unguja, Pemba na Witu pia hawakuulizwa. Wale wa Helgoland waliruhusiwa kuchagua kubaki raia wa Uingereza hadi mwanzoni mwa 1892, upendeleo ambao huku haukufikiriwa. Kisiwa hicho kiliunganishwa na wilaya ya Pinneberg mwaka 1932. Kiliposhambuliwa kwa mabomu Aprili 1945 wakazi waliondolewa, na mwaka 1947 Waingereza wakalipua humo maelfu ya tani za baruti ili kuangamiza ngome zake za chini ya ardhi. Bundestag ya kwanza ilipochaguliwa mwaka 1949 hapakuwa na mkazi hata mmoja wa kupiga kura kisiwani. Wanafunzi wawili kutoka Heidelberg walikwenda kukikalia mwishoni mwa 1950 kudai kirudishwe, na tarehe 1 Machi 1952 kikarudishwa. Uchaguzi wa kwanza baada ya hapo ni ule wa 1953, ambao rekodi ya Pinneberg inahesabiwa kutoka kwake. Zanzibar ilisubiri hadi 1957 kupiga kura yake ya kwanza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Wajerumani watakaporudi vituoni, na kwa utaratibu wa kawaida hiyo itakuwa mwaka 2029, tupeni kwanza mgawanyo wa kura za pili na majina ya vyama vilivyo tayari kuketi pamoja. Pinneberg iandikeni katika aya ya mwisho, na mkiitaja Helgoland, itajeni na Witu.

Wenu,
Msomaji, Zanzibar