Jeraha la kichwa ni jeraha

Ndugu Mhariri,

Makombora ya Iran yalipopiga Al Asad, kambi yenye askari wa Marekani nchini Iraq, Januari 8, 2020, tulitangaziwa kuwa hakuna Mmarekani aliyeumia. Baadaye askari zaidi ya 100 walikutwa na jeraha la ubongo. Mwanzoni nishani ya Purple Heart, ya askari wa Marekani waliojeruhiwa au kuuawa na adui, walipewa 29 tu. Wengine 39 walikubaliwa Desemba 2021.

Mimi, mzaliwa wa Mombasa, ni mstaafu wa jeshi la Marekani. Vitani mlipuko ulinirusha ukutani. Nikatapika, nikarudi lindoni. Hakuna daktari aliyeandika lolote, na bila maandishi hayo ombi la kurekebisha kumbukumbu za kijeshi ili kupata nishani hiyo hukwama. Naiomba sana bodi ya jeshi inayoamua maombi hayo iupe uzito ushahidi wa wenzetu walioshuhudia.

Askari mstaafu,
Ohio, Marekani