Mkisema seva ilipimwa, tuonyesheni skripti

Mhariri,

Kila msimu wa kuomba basari ya karo ukifika siku ya mwisho huku kwetu magharibi ni stori ile ile, tovuti inajam kuanzia saa tano asubuhi, wazazi wanapanga laini kwa saiba za Kondele mpaka jioni, halafu kesho yake afisa anaenda redioni kusema mfumo ulipimwa ukapita na shida ni wananchi kungoja dakika ya mwisho. Sitataja ofisi, wenyewe wanajijua. Mimi kazi yangu ni hizi hizi seva, kompyuta zinazobeba tovuti, na nataka kuuliza tu kitu kimoja ambacho sijasikia mwandishi yeyote akiuliza: mlipima na nini, mkiwa wapi, na skripti, yaani maagizo mliyoipa programu ya kupimia, iko wapi tuione?

Kupima seva, yaani kuona itabeba watu wangapi kwa wakati mmoja, si uchawi, wala si lazima ununue kitu. Kuna programu za bure ambazo msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma na kuubadilisha anavyotaka. Kuna JMeter ya Apache iliyoandikwa kwa Java, kuna k6 ambayo skripti zake ni za JavaScript, na kuna Locust ya Python ambayo ndiyo mimi na vijana wenzangu hapa Kisumu tunaitumia zaidi. Unaandika skripti fupi, mtumiaji anafungua ukurasa, anajaza fomu, anatulia kidogo, anabonyeza tuma, halafu unaiambia programu ilete watumiaji bandia mia tano ama elfu tano wafanye hivyo kwa pamoja, na mwisho inakupa jedwali la nani alijibiwa baada ya sekunde ngapi na nani aliangushwa.

Sasa hilo jedwali linaweza kukudanganya vizuri sana na ukaenda nalo redioni.

Mara nyingi kinachochoka kwanza si seva, ni laptopu yako inayopima. Locust ikiwa proseso moja, yaani nakala moja tu inayofanya kazi, inatumia kiini kimoja tu cha prosesa ya kompyuta hata kama mashine ina viini vinane, na kiini hicho kikijaa zaidi ya asilimia 90 yenyewe inakupigia kelele kwenye logi, rekodi ya yanayotokea, kwamba vipimo vya muda haviaminiki tena, lakini nani anasoma logi? Dawa yake ni kuigawa, mmoja anakuwa bosi na wengine wafanyakazi, kila kiini na mfanyakazi wake. JMeter nayo watu wanairun na madirisha yake yote wazi wakiangalia michoro ikipanda, wakati wenyewe waliotengeneza wanasema dirisha ni la kutengenezea testi tu, mzigo wenyewe uupige kutoka kwa terminali, pale pa kuandika amri, na ile memori ya 1GB inayokuja nayo uiongeze kama mashine inaruhusu maana kila mtumiaji bandia pale ni threadi nzima, kazi yake ya pekee ndani ya kompyuta. Kisha kuna Linux, ambayo kwa kawaida inaipa proseso moja nafasi ya kufungua faili 1024, na kila muunganisho wa mtandao nao unahesabiwa kama faili, kwa hivyo ukiona mambo yanakatika ukikaribia watumiaji elfu moja usikimbilie kulaumu seva, angalia kwanza ulimit, amri inayoonyesha kikomo hicho. Na tafadhali msipime mkitumia Wi-Fi ya ofisi. Hapo mnapima Wi-Fi ya ofisi.

Hayo ni madogo, fundi akikaa nayo wiki moja anayajua. Kubwa ni hili ambalo hata wataalamu wenye tai linawapita.

Mtumiaji bandia wa Locust au wa JMeter hatumi ombi la pili kabla hajajibiwa la kwanza. Tuseme uko na 200 na seva inajibu kwa sekunde moja, na hawapumziki kati ya ombi na ombi, hapo unapata maombi 200 kwa sekunde. Seva ikizidiwa ikaanza kujibu kwa sekunde kumi, wale wale 200 sasa wanatuma 20 tu kwa sekunde. Yaani seva ikianza kuumia, testi yenyewe inaihurumia na kupunguza mzigo! Ni kama kupima posho mill kwa kutuma watoto kumi ambao hakuna anayeweza kuleta debe lingine hadi lake la kwanza lisagwe, laini haiwezi kuzidi watoto kumi hata mashine ikizima. Siku ya mwisho ya basari haiko hivyo, mzazi wa Ahero hajui kwamba wa Muhoroni bado anangoja, anafungua tu simu yake, na akiona inazunguka anarefresh, kwa hivyo ombi moja linakuwa matatu na yote seva inayabeba. k6 iko na mpangilio wa kuleta watu wapya kila sekunde bila kujali waliotangulia wamejibiwa ama bado, na kwa Locust unalazimika kuweka watumiaji wengi kupita unavyodhani unahitaji. Kama ripoti ya tenda haisemi ni njia gani ilitumika, hiyo ripoti ni karatasi.

Wastani pia. Watu 98 wakijibiwa kwa sekunde moja na wawili wakangoja dakika nzima, wastani unasoma sekunde 2.18 na kila mtu kwenye mkutano anapiga makofi. Wapange kuanzia aliyejibiwa haraka zaidi, kisha uliza yule wa 95 na yule wa 99 kati ya kila mia walingoja muda gani, jedwali la Locust linaonyesha yote hayo, ni kuteremka chini kidogo tu.

Lakini mimi kilichonifanya nipende hii Locust ni kwamba ikikosa kitu unaongeza. Huku kwetu watu wengi wako na kabambe, simu ndogo za vitufe, hawafungui tovuti, wanabonyeza namba ya USSD, zile menyu za simu zinazoanza na nyota. Locust ikitoka boksini haijui USSD ni nini. Kumbe si kazi ngumu, kwa sababu kampuni zinazounganisha mitandao ya simu na seva, kama Africa's Talking, zinaifikishia seva yako kila hatua kama ombi la kawaida la HTTP, lugha ile ile ya tovuti, ndani yake namba ya sesheni (mazungumzo hayo kuanzia mwanzo hadi mwisho), namba ya simu, na maandishi ya yote aliyobonyeza tangu mwanzo yakiwa yameungwa na nyota, 1 halafu 1*2 halafu 1*2*34, na seva inajibu maneno yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea ama END kama yameisha. Kwa hivyo tukaandika klasi ndogo, yaani kipande cha msimbo wa Python, inayoshika sesheni, inaongeza chaguo jipya kila hatua, na inasoma jibu limeanza na nini.

Hapo ndipo tuliona vituko. Locust ikirudishiwa 200, namba ya seva kusema ombi limeenda sawa, inahesabu ushindi, haisomi ndani kumeandikwa nini. Seva yenyewe inarudisha 200 na ndani imeandika END samahani jaribu tena baadaye! Mia kwa mia, hakuna aliyeanguka, na hakuna hata mtu mmoja aliyefika mwisho wa menyu. Ikabidi tuwashe catch_response, mpangilio wa Locust, ili skripti yenyewe iamue, jibu likiwa na samahani ni kuanguka, na jibu likichelewa ni kuanguka pia hata likiwa sahihi, maana mtandao wa simu haungoji seva yako, sekunde chache tu sesheni inakatwa na mzazi anaanza upya. Kitu kingine, kama anwani za tovuti ziko na namba ya ombi ndani yake zipe jina moja kwenye skripti, usipofanya hivyo unapata jedwali la mistari elfu na hakuna utakachoelewa.

Kwa malipo ni hadithi nyingine. Ombi la M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, linakubaliwa saa hiyo lakini matokeo yanarudi baadaye kwa anwani yako, baada ya mteja kuletewa meseji ya kuweka PIN na kuijibu. Huwezi kupima hiyo kwa kusumbua mfumo wa Safaricom, kwa hivyo unatengeneza kiseva cha kuigiza kinachokubali ombi, kinangoja sekunde kadhaa, kisha kinarudisha matokeo, mengine 0 ya kufaulu na mengine 1032 ya mteja kukataa. Wengi wanaigiza kufaulu tu. Wakenya wanakataa sana hizo meseji, tena wengine wanabonyeza mara mbili.

Locust pia inakuruhusu uchore umbo la mzigo kwa klasi ya LoadTestShape, unaiambia dakika hii watu wangapi na wanaongezeka kwa kasi gani. Basi ofisi ziache kupima kwa mstari ulionyooka kama meza. Logi za mwaka jana ziko, zinaonyesha watu walikuja saa ngapi, chora umbo hilo hilo kisha uliongeze mara mbili.

Ninachoomba kwa wabunge wa kaunti zetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, ni kwamba tenda ya mfumo wowote wa wananchi isilipwe hadi aliyeujenga atoe skripti yenyewe aliyotumia, aseme mashine za kupimia zilikuwa ngapi na wapi, achapishe yule wa 99 alingoja kiasi gani, na aonyeshe mzigo ambao seva ilianguka nao, kwa sababu kila seva inaanguka mahali, na kama hajui ni wapi basi hakupima. Hizi programu ni za bure, hatawaambia ati bajeti haikutosha.

Na vijana wanaosoma hii wasiende kujaribu kwa tovuti ya mtu. Baada ya eCitizen kushambuliwa kwa mafuriko ya maombi mwezi Julai 2023 hakuna atakayekuamini ukisema ulikuwa unapima, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ipo. Pata ruhusa kwa maandishi, ama simamisha nakala kwa mashine yako. Ofisi ninayoizungumzia ikitupa nakala ya majaribio kabla ya msimu ujao, skripti yetu ya USSD iko tayari na hatutawachaji.

Fundi wa seva,
Kondele, Kisumu