Bwana Mhariri, si ziwa lililowatoa

Mhariri,

Nimewasoma kimya kwa miaka mingi. Mlipoihamishia Ukerewe mkoa wa Mara nilinyamaza, mlipopandisha bei nikanyamaza. Ila makala yenu ya ukurasa wa vijana kuhusu id Software, ile kampuni ya Marekani iliyotengeneza gemu la Doom, imenikaa kooni. Sina ugomvi na sifa mlizowapa, wanazistahili. Kilichoniudhi ni ule mkia, pale mwandishi wenu anapotugeukia na kutuambia kwamba wenzetu walianzia kwenye nyumba ya kupanga kando ya ziwa, na kwa kuwa vijana wa Mwanza wana ziwa kubwa kuliko lile, basi wanachokosa ni kujituma tu.

Tuanze na hilo ziwa. Cross Lake ya Shreveport, Louisiana, ni bwawa. Watu waliziba maji ili mji upate ya kunywa. Kama maji ndiyo yangekuwa yanafundisha kompyuta, Musoma, Bukoba na sisi hapa tungekuwa tunaiuzia dunia nzima.

Jambo lenyewe mmeliruka. Mwaka 1990 John Carmack, John Romero, Tom Hall na Adrian Carmack hawakuwa vijana wa kijiweni. Walikuwa kazini Softdisk, kampuni iliyokuwa ikiwatumia wateja wake programu kwenye diski kwa njia ya posta. Mshahara wanao, kompyuta wanazo mezani. Septemba mwaka huo John Carmack akagundua ujanja wa kufanya picha iteleze kwenye kompyuta za kawaida, ambazo wakati ule gemu likikimbia zilikwamakwama: usichore kioo kizima upya, chora vile vipande vilivyobadilika tu. Nintendo, kampuni ya magemu ya Japani, wakaonyeshwa, wakakataa. Ndipo vijana wakaamua kutengeneza la kwao, Commander Keen, usiku na mwisho wa wiki. Kwa kompyuta za nani? Za Softdisk! Ijumaa wanazipakia kwenye magari, wanazipeleka kwenye hiyo nyumba ya ziwani mliyoisifia, Jumatatu zimesharudi mezani. Gemu likatoka Desemba 14, 1990, sehemu ya kwanza bure, anayetaka zilizobaki anunue. Hundi ya kwanza ya mauzo iliyowafikia ilikuwa ya dola 10,500.

Na bosi wao, Al Vekovius, alipojua alifanya nini? Alitaka wafungue kampuni pamoja naye. Wafanyakazi wengine wakatishia kuacha kazi, basi wakamalizana kwa mkataba: vijana waende zao, ila waendelee kumletea gemu kila baada ya miezi miwili. id Software ikazaliwa Februari 1991. Wolfenstein 3D ya 1992 na Doom ya Desemba 1993 ni za baadaye, wakati hilo ziwa wameshaliacha zamani na wako Texas. Bosi aliyekaa mezani na watu waliotumia mali yake bila ruhusa hakupata hata sentensi moja kwenye makala yenu.

Sasa niwaambie ya huku. Mpwa wangu alikuwa anafanya kazi kwenye steshenari moja ambayo siitaji. Anachapa barua, anatoa kopi, analaminisha vyeti vya watu. Jioni wakishafunga anabaki kidogo na kompyuta ya dukani, anatengeneza gemu lake la mtumbwi wa dagaa. Nililicheza kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka. Unawasha taa, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, unashusha wavu. Lakini mwezi ukiwa mkubwa wanatawanyika, unarudi mtupu na mafuta ya injini umeshayachoma. "Mjomba, leo usiingie ziwani, angalia mwezi kwanza," ananiambia, mimi nimeshapiga makasia. Mvuvi wa Kayenze angelielewa bila kusomewa maelekezo.

Bosi wake alipoligundua hakukaa mezani na mtu. Alimfukuza mbele ya wateja, akafuta kila kitu kwenye kompyuta, na flashi iliyokuwa imechomekwa akaisafisha nayo, eti kijana analeta virusi na anamaliza luku. Mshahara akaukata kufidia umeme. Na huyohuyo bwana, mlangoni pake, ameweka dubwi mbili, zile mashine za kamari za sarafu, zinazowaka taa kutwa nzima! Luku ya dubwi haiishi? Virusi vyake haviambukizi? Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mimi kwa macho yangu nimeona watoto wenye sare za shule wamejipanga pale na sarafu za mia mbili za nauli, na mwenye duka anawatolea chenji. Kijana akitengeneza gemu kwa akili yake ni mpotevu, anachezea muda. Mtoto akimeza nauli yake kwenye mashine ya mtu mwingine, hiyo ni biashara, ina leseni imebandikwa ukutani. Halafu mnatuandikia kwamba tunakosa kujituma. Tazameni basi gazeti lenu wenyewe siku ile, chini ya hayo mahubiri: tangazo la kubeti, nusu ukurasa.

Nafasi hiyo ingetosha kumtaja Mkenya Wesley Kirinya aliyetoa gemu la Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha 2009 akaanzisha kampuni ya magemu ya Leti Arts na Mghana Eyram Tawia. Au Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, waliotoa gemu lao la Aurion mwaka 2016. Hao wangemfaa zaidi kijana wa Igoma kuliko ziwa la Louisiana.

Pendekezo langu ni dogo. Kila steshenari kuanzia Igoma hadi Nyegezi yenye kompyuta zaidi ya moja iazimishe vijana moja Ijumaa saa kumi na mbili jioni, iandikwe kwenye kaunta buku, irudi Jumatatu saa mbili asubuhi na waya wake. Ikirudi na mchanga kwenye kibodi, mwazimaji alipe elfu tano. Muanze ninyi. Nilipokuja ofisini kwenu kulipia tangazo la msiba nilikuta kompyuta mbili zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na dada wa mapokezi akaniambia haziguswi mpaka mkubwa arudi kutoka Dar. Mpwa wangu yuko tayari kuifuata moja Ijumaa hii. Pikipiki ya kuibebea ninayo.

Msomaji wenu,
Mkolani, Mwanza