Sayansi ya dakika 5 kila siku yaishinda tuisheni ya Jumamosi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na tafadhali usinikatie katikati manake nshazoea kukatiwa maneno kwenye mikutano ya wazazi. Mimi ni mama, nakaa Kisauni, napika mahamri na mbaazi za asubuhi, na nina binti yuko Gredi ya 8. Ninalotaka kusema linahusu sayansi ya hawa watoto wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9.

Mwaka jana akiwa Gredi ya 7 nilikuwa nalipa shilingi 200 kila Jumamosi, tuisheni ya masaa matatu, mtoto yuatoka saa mbili kasorobo arudi karibu saa sita na jua lote lile, daftari limejaa notsi, mwandiko wa kupendeza, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu. Mimi nafurahi, nasema pesa yangu yafanya kazi. Sasa Alhamisi moja tunaosha vyombo nikamuuliza, ile Jumamosi mlisoma nini? Akasema asidi na besi. Haya, asidi ni kitu gani? Kimya. Nipe mfano mmoja tu basi. Akatazama sinki, akanitazama mimi, akasema mama ngoja nikalete daftari. Na kwenye hilo sinki mumejaa maganda ya ndimu, na ndimu ni asidi!

Sikumgombeza, nilijigombeza mimi na 200 zangu.

Nina mpwa wangu anasomea ualimu, nikamlalamikia siku alipokuja kula. Yeye akanambia shangazi hilo ni la zamani, kuna Mjerumani aitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 aliandika kitabu baada ya kujijaribu mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana halafu kujipima baada ya dakika kadhaa, baada ya siku, baada ya wiki, akaona sehemu kubwa inapotea mwanzo mwanzo tu, halafu kile kidogo kinachobaki ndo hupungua taratibu. Na akanambia Marekani mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vipande vya kusoma, wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunika karatasi wakajaribu kuandika wanachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma wako juu. Wakipimwa baada ya siku 2 na baada ya wiki, waliojipima wenyewe ndo wako juu. Yaani kule kujikuna kichwa kutafuta jibu ndo kusoma kwenyewe.

Mimi nikacheka. Nikamwambia mpwa wangu, hayo si ndo ya chuoni, kule madrasa? Mtoto anayehifadhi Qur'ani hapewi sura mpya akaachwa aende zake. Kila siku arudi nyuma, muraja'a, asome za jana na za mwezi uliopita, msahafu umefungwa, akikwama ustadhi amsahihishe papo hapo. Hujamsikia ustadhi akisema njooni Jumamosi masaa matatu tumeze juzuu nzima kisha tuonane wiki ijayo. Sisi watu wa Mombasa tunalijua hili jambo kabla hatujaambiwa na Mjerumani, sijui kwa nini mtoto akivua kanzu akivaa yunifomu twalisahau.

Ila sayansi sio kuhifadhi peke yake, hapo nakubali. Ukimuuliza mtoto maana ya asidi akaitoa kama kasuku hujapata kitu. Swali liwe la kumfanya aeleze kwa nini.

Basi nikaanza nyumbani, na mwanzo nilivuruga. Niliandika maswali 10 kwenye karatasi, nikamkalisha baada ya magharibi, saa nzima, mimi na kitabu mkononi kama askari wa trafiki, akikosea nasema hivi jamani shuleni mwaenda kufanya nini. Siku ya nne akalia. Nikaacha wiki mbili. Niliporudi nikaja na swali moja, moja tu, nalimwambia wakati nakanda unga wa kesho, hakuna kitabu, hakuna alama, na akisema sijui namwambia kisia. Akishakisia ndo tunafungua kitabu pamoja kuangalia. Dakika 5, zikizidi sana 10, kisha nasimamisha hata kama mjadala ni mtamu.

Swali la kwanza lililonionyesha kuwa hii kitu yafanya kazi lilikuwa la chupa. Nilitoa chupa ya maji kwenye friji, unajua joto letu, dakika mbili chupa yote imetoa jasho. Nikamuuliza hayo maji ya nje yametoka wapi? Akasema yamepenya kutoka ndani. Alisema kwa uhakika kabisa, na kusema kweli hata baba yake alikuwa upande wake. Sikumwambia umekosea. Nikamwambia tutajuaje? Akafikiria, akasema tutie kitu cha rangi. Kesho yake tukatia juisi ya ukwaju, ikalala kwenye friji, ikatolewa, jasho likaja jeupe, halina rangi wala ukali. Yeye mwenyewe akachukua mzani wangu wa kupimia unga akaweka chupa juu, gramu zikawa zinapanda. Akasimama pale anatazama. Kama maji yangekuwa yanatoka ndani uzito ungebaki palepale, ukiongezeka basi yametoka hewani. Hiyo hewa yetu ya pwani ina mvuke tele, ikigusa kitu baridi mvuke unarudi kuwa maji. Hilo halijamtoka mpaka leo na sidhani litamtoka.

Nyingine ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi za kusi, mafuta yangu ya nazi yameganda kwenye chupa. Alisema yameharibika tumwage. Kumwaga mafuta ya nazi kwa bei hii! Nikamwambia yaweke juani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kaskazi yote huyaoni yameganda manake nyumba haishuki hapo, kusi ikipuliza usiku hali inabadilika. Tukazungumza mabadiliko ya kimaumbile na ya kikemia kwa chupa moja ya jikoni, yameganda yakayeyuka na bado ni mafuta yaleyale, lakini hamri likishaingia kwenye karai haligeuki kuwa unga tena.

Na tumbawe, hili jaribuni. Okota kipande cha jiwe la tumbawe, lile lililojengea nyumba za Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, lidondoshee siki au ndimu. Linatoka povu. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi, gesi ileile ambayo hamira hutoa ikafanya mahamri yangu yaumuke, na binti yangu alipounganisha hizo mbili peke yake nilijihisi mimi ndo nimeshinda mtihani.

Siku nyingine swali ni la kusoma takwimu, manake watoto wetu grafu ndo zinawaua. Nilimpa kazi kila jioni aandike uniti za stima zilizobaki kwenye mita ya tokeni, siku 7, achore. Mstari ukashuka pole pole, kufika Jumapili ukadondoka. Nini kilitokea Jumapili? Pasi, yunifomu za wiki nzima za watoto watatu. Tangu hapo nimerudia pasi ya makaa, kwa hivo sayansi ya dakika 5 ishanilipa.

Nilikosea tena mahali pengine. Nilikuwa nauliza mada wanayosoma wiki ile tu, anajibu vizuri, najisifu. Mwezi ukipita nikirudisha la zamani limeyeyuka. Sasa nina daftari la kurasa 48, kila swali nimeliandika na tarehe, na katika wiki siku mbili tunauliza jipya, siku tatu tunarudisha ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, mengine ya Gredi ya 7. Lile la asidi limesharudi mara tano. Hulichukii swali likirudi kwa sura nyingine, mara ni ndimu, mara ni maziwa yaliyochacha, mara ni mtu ameumwa na kiungulia.

Sasa Mhariri nije kwenye shule, hapo ndo nilikatwa maneno. Hii sayansi yao waliyounganisha biolojia, kemia na fizikia ina vipindi 5 kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Mimi niliomba kwenye mkutano, kwa heshima, dakika 5 za kwanza za kila kipindi ziwe za swali moja ubaoni, watoto wanaingia wanalikuta, wanaandika jibu bila kufungua daftari, ticha aeleze, waendelee na somo. Dakika 25 kwa wiki. Nikajibiwa silabasi haitoisha, na kuwa walimu ni wachache, na darasa limejaa atasahihisha nani. Kisha mzazi mwingine akasimama akaanza habari ya rangi ya sweta, mambo yakaishia hapo. Sweta, Mombasa hii!

Ya walimu nayaelewa na siwalaumu. Watu wamefundisha masomo ambayo hawakuyasomea tangu hii Sekondari Msingi ianze Januari 2023, wengine kwa mkataba wa intani. Lakini kusahihisha hakuna. Watoto wabadilishane karatasi, ama ticha aweke majibu manne ubaoni na darasa zima linyanyue vidole, kidole kimoja jibu la kwanza, viwili la pili, kwa mtazamo mmoja ashaona nusu ya darasa yaamini jasho la chupa hutoka ndani. Hiyo habari ataipata wapi kabla ya mtihani? Na silabasi kuisha kisha mtoto akawa hana alichobaki nacho, sijui imeisha kwa faida ya nani.

Wengine husema tungoje maabara. Maabara tunazitaka, wala nisieleweke vibaya, shule nyingi hizi ziliwekwa ndani ya shule za msingi ambazo hazikuwa na hata meza ya maabara, na serikali isitumie barua ya mama wa mahamri kukwepa deni lake. Ila mtoto wa Gredi ya 8 hangoji. KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, ni asilimia 60 ya alama zinazompeleka sekondari ya juu, 20 zatoka KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na 20 zatoka tathmini za shule za Gredi ya 7 na 8. Sasa hivi, huu mwaka, ndo anajenga zile alama, na ndo anaamua moyoni kama yeye ni mtu wa sayansi ama atakimbilia njia nyingine kwa sababu ya uoga.

Mombasa yenyewe ni maabara ukiwa na jicho. Babu ya binti yangu alikuwa mvuvi, hajasoma kemia, lakini atakutajia siku za bamvua na za maji mafu bila kutazama simu. Binti yangu aliweza kutaja maana ya nguvu ya mvutano neno kwa neno, lakini hakujua kuwa bamvua huja mara mbili kwa mwezi kwa sababu mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo jua na mwezi hupangana kwenye mstari mmoja na dunia, mvuto wao ukajumlishana, ndo tofauti ya maji kujaa na kukupwa ikapita mita 3. Walikaa na babu yake barazani wakachora kwa mkaa kwenye sakafu, baadaye nikaosha mimi. Wiki iliyofuata tulivuka Likoni na maji yamekupwa, tukaona wasukuma mikokoteni wanne wanahangaika kupanda kutoka kwenye feri, nikamuuliza, mbona juzi mtu mmoja alipanda na mzigo uleule? Alinyamaza mpaka tukafika kituo cha matatu, akasema mwinuko umekuwa mkali kwa sababu feri imeshuka na maji. Kondakta akamwambia kumbe we ni injinia, panda mbele.

Tuisheni nilimtoa mwezi wa kwanza. Sisemi sasa ni wa kwanza darasani, sio wa kwanza, hesabu bado zatutesa na hilo ni barua nyingine. Ila akiulizwa haendi kuleta daftari.

Kama kuna ticha yeyote wa Kisauni, Bamburi, Likoni ama Changamwe anataka lile daftari langu la maswali apige fotokopi, anipate asubuhi kabla ya saa mbili, niko na karai. Yako maswali 112 mpaka jana. La leo usiku ni la samaki wa ng'onda, kwa nini ukimtia chumvi maji yanamtoka hata kabla hujamuanika juani, na baba yake ameniambia nisimwambie jibu, na yeye pia ataka kukisia.

Wako,
Mama wa Gredi ya 8,
Kisauni, Mombasa