Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mzee akilazwa, aulizwe nani atakaa naye usiku

Mheshimiwa Waziri,

Mimi si mtaalamu wa afya, ni mtoto aliyeuguza. Mwaka jana mama yangu, mwenye miaka 78, alilazwa kwa nimonia. Saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha, mlinzi alitutoa wote wodini. Miwani yake tuliiviringisha kwenye khanga tukaondoka nayo, tukihofia isiibiwe. Asubuhi tulimkuta mkono mmoja umefungwa kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda. Usiku aliweweseka, akachomoa dripu, akawa anamwita marehemu baba aje amfungulie mlango. Uji wa jioni ulikuwa pale pale pembeni, umeganda juu.

Simlaumu muuguzi wa zamu. Alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Kinachoniuma ni kwamba siku ile mama alipimwa presha, joto na sukari, ila hakuna aliyeuliza kama anasikia vizuri, kama anaona bila miwani, kama siku hizi anasahausahau. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa. Kila alichoulizwa aliitikia "ndiyo", na ikaandikwa ndiyo.

Ndugu zetu wengine walisema ni majini. Nimesoma sana tangu siku ile. Mzee anaweza kuvurugika akili ghafla kwa sababu ya maambukizi, upungufu wa maji, dawa, kukosa usingizi au kulala siku nzima bila kunyanyuliwa, na mara nyingi hali hiyo huzuilika. Kule Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, daktari Sharon Inouye na wenzake walianza mwaka 1993 kuwachuja wagonjwa wa miaka 70 na zaidi mapema wanapolazwa. Aliyeonekana yuko hatarini alipewa watu wa kujitolea waliofundishwa: wanaongea naye, wanamkumbusha yuko wapi, wanamvalisha miwani, wanamnywesha maji, wanamtembeza, na usiku wanampa kinywaji cha moto na kumkanda mgongo badala ya kidonge cha usingizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999, kwa wagonjwa 852. Waliovurugikiwa walikuwa 15 katika kila 100 kwa huduma ya kawaida, na karibu 10 kwa waliosaidiwa hivyo.

Mheshimiwa, haya hayahitaji mashine. Yanahitaji maswali machache kwenye fomu ya kulazwa, ila yawe ya kwetu. Kumuuliza bibi tarehe yake ya kuzaliwa hakupimi akili, maana wengi wanajua tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani. Aulizwe hapa ni wapi, nani kamleta, ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Na aliyemleta aulizwe: hivi ndivyo alivyo siku zote, au amebadilika juzi?

Majibu yakionyesha hatari, ndugu mmoja apewe kadi ya kukaa kitandani pake usiku, mlinzi aiheshimu, na muuguzi amwelekeze kwa dakika tano cha kufanya. Najua wodi zimejaa na msongamano nao una madhara yake. Ndiyo maana nasema wachujwe: si kila mwenye miaka 60 anahitaji mtu, na yupo wa miaka 65 anayemhitaji kuliko wa 90.

Kuna wazee wanaoletwa na majirani kisha wanabaki peke yao, watoto wako mikoa ya mbali. Kwa hao ndipo wahitajike watu wa kujitolea, wenye vitambulisho na msimamizi anayejulikana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 hapa Tanzania iliwatambua wazee, na dirisha lao maalumu la wagonjwa wa nje tumelizoea. Wodini, usiku, dirisha hilo halipo.

Naomba wizara yako ianze na wodi za hospitali za rufaa za mikoa. Ikianzia mkoani kwangu, mimi nitajiandikisha kukaa usiku wa kila Jumamosi, na dada zangu wawili wamekubali.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mgonjwa