Picha ya gazetini inavyoharibu kesi mahakamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie habari za polisi na mahakama zinazoandikwa kutoka kwetu huku Nyanda za Juu Kusini. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama hadi nilipostaafu, na nimeona kesi zenye nguvu zikifa kwa sababu ambazo msomaji hazijui.

Mtindo tunaujua. Kamanda anaita waandishi, watuhumiwa wanapangwa nyuma ya meza yenye mapanga na televisheni za wizi, kamera zinachukua sura zao wazi, na kesho yake kichwa cha habari ni "Majambazi wanaswa". Neno watuhumiwa halimo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, lakini najua wengi watasema: waacheni waonekane, wametutesa vya kutosha. Haya, tumwache mtuhumiwa kidogo, tumtazame aliyeibiwa.

Mama wa Mwanjelwa aliyevamiwa usiku anaitwa kwenye gwaride la utambuzi, amwonyeshe aliyemvamia kati ya watu wanaofanana naye kwa umbo na rika. Siku ya kesi wakili wa utetezi atamuuliza swali moja: kabla ya gwaride, uliiona picha ya huyu gazetini au kwenye simu? Akijibu ndiyo, gwaride halina kazi tena, maana hakuna awezaye kujua kama alimtambua mtu wa usiku ule au mtu wa kwenye picha. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inasisitiza kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Nyinyi mnauongeza uwezekano huo, kisha mtu akiachiwa mnaandika kwamba mahakama zinalea wahalifu.

Na hili la kuandika "amekiri" vilevile. Maelezo ya kukiri polisi hupokelewa ikithibitika kuwa aliyatoa kwa hiari yake; akiyakana, husikilizwa kwanza kesi ndogo ndani ya kesi. Jaji mwenyewe bado hajaamua kama atayapokea, ila msomaji wa Makambako keshayasoma.

Linaloniuma zaidi ni kesi za ubakaji na ulawiti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaagiza ushahidi wa kesi hizo usikilizwe faragha, na ushahidi huo pamoja na mashahidi wasitangazwe gazetini wala kwenye chombo kingine chochote cha habari. Kuficha jina peke yake hakutoshi. Mwandishi anaweka "jina limehifadhiwa", halafu anatueleza kuwa mtoto ni wa darasa la tano, shule fulani, kata fulani ya Rungwe, na kwamba mshtakiwa ni baba yake wa kambo, ambaye majina yake yote matatu yapo. Amehifadhi nini hapo? Kijiji kizima kinamjua binti, na binti anatakiwa kurudi darasani. Familia nyingine ikiona hayo, itaona heri kumalizana kwa ng'ombe kwenye kikao cha ukoo, na kesi hiyo polisi hawataisikia kabisa.

Wapo watakaoniambia kwamba nataka kuwafunga waandishi midomo. Mwaka 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi alipouawa Nyololo, Mufindi, picha zilizopigwa na waandishi ndizo zilizofanya jambo lile lisifichike. Askari aliyeshtakiwa kwa mauaji alitiwa hatiani na Mahakama Kuu Iringa mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Picha zile zilikuwa za tukio lenyewe. Picha ya vijana wanne wamesimamishwa nyuma ya meza inathibitisha nini, zaidi ya kwamba wamekamatwa?

Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni kudharau mahakama kuandika, wakati shauri linaendelea, jambo linaloweza kuwaelemeza watu upande mmoja. Wahariri huwa hawaihofii sana hiyo, nami sitaki wafungwe. Naomba tu mwandishi wako akiitwa na kamanda aulize kama gwaride limeshafanyika, na kama bado, sura zifichwe. Kesi za makosa ya kujamiiana ziandikeni shtaka, hatua iliyofikiwa na hukumu. Shule, kijiji na undugu vibaki kwenye jalada.

Na mtu mliyempiga picha siku ya kwanza kizimbani, mfuateni hadi hukumu. Siku hizi nikitaka kujua mwisho wa kesi iliyojaza ukurasa wenu wa mbele, inabidi niwaulize vijana wa masjala.

Karani mstaafu wa mahakama,
Uyole, Mbeya